Mlango wa Kurudi

Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 kaskazini ya mji wa Tanga, upande wa njia ya Mombasa, na aliyekulia huku amesimuliwa tangu utotoni kwamba ndani yake mna njia: ukijua pa kupita, utatokea Mombasa au hata Kilimanjaro. Watafiti wa Kijerumani na Kituruki waliyapima mwaka 1994, wakakuta mapango kumi yaliyotengana, na refu kuliko yote lina mita 900 tu. Simulizi haikufa kwa vipimo hivyo. Nami siishangai, maana hamu ya kukata safari kwa kupita chini ya dunia ni hamu ya kweli, hasa kwa mtu aliyewahi kukaa kwenye basi kutoka Tanga mpaka Dar es Salaam.

Ndani ya Minecraft njia hiyo ipo. Iliingia kwenye mchezo Oktoba 2010, ikafika kwenye simu mwaka 2015, na haipatikani kwa bahati: lazima uijenge mwenyewe. Unasimamisha mlango, unauwasha, unaingia dunia ya pili inayoitwa Nether, dunia ya moto na mawe mekundu. Kanuni yake ni moja, nayo ni nzuri mno: hatua moja kule ni sawa na hatua nane huku juu. Tofali moja la mchezo ni mita moja, kwa hiyo safari ya kilomita 50 hivi, kama ya Tanga na Pangani, ungeimaliza kwa kutembea kilomita sita na ushee.

Mpwa wangu wa mtaa wa Chumbageni, Tanga, ndiye aliyenikalisha nitazame kazi hii tangu mwanzo. Anachezea kwenye simu ya kioo kilichopasuka pembeni, na hana papara.

Fremu ni ya obsidiani, jiwe jeusi lenye kung'aa kizambarau. Kulichimba kunataka sururu ya almasi, na almasi haipatikani mapema. Mwenye ndoo mbili hasubiri almasi. Anatafuta dimbwi la lava, anainua ukuta wa udongo kando yake, anayaachia maji yateremke ukutani, kisha anachota lava ndoo baada ya ndoo na kuimimina pale pale anapotaka mwimo usimame. Ikiguswa na maji inaganda papo hapo. Lakini inayogeuka obsidiani ni ile iliyotulia mahali ilipomiminwa. Ile iliyokwishaanza kutiririka ikikutana na maji inakuwa jiwe la kawaida, na ndoo nzima imekwenda bure. Kwa sababu hiyo kila tofali linatengenezewa kwanza kikalibu chake cha udongo, upande huu na huu. Mpwa wangu alikuwa akiweka udongo, anazunguka kuutazama kwa nyuma, anaondoa mmoja, anaurudisha. Ndipo anamimina.

Matofali 10 yanatosha: upana manne, urefu matano, na uwazi wa mawili kwa matatu katikati. Pembe nne mchezo hauzihesabu, na wengi huziacha tupu. Yeye huzijaza zote, 14 kamili, na mimi niko upande wake: mlango usio na pembe unafanya kazi, ila haujamalizika. Kisha anagonga chuma kwenye jiwe la kiberiti, pazia la zambarau linajaa ndani ya fremu, anasimama humo sekunde nne hivi, na dunia inabadilika.

Wengi huishia hapo, na ndipo ufundi unapoanza. Ukivuka mara ya kwanza, mchezo wenyewe hukujengea mlango wa upande wa pili popote penye nafasi, na kama karibu upo mwingine tayari, unakupeleka kwenye huo. Nyumba mbili zilizo umbali wa mita 100 zinatengana mita 12 na nusu tu huko Nether. Ukiuachia mchezo uamue, zote mbili zinaweza kutokea mlango mmoja, na aliyetoka kwake akarudi kwa jirani.

Dawa yake ni hesabu. Kila mahali mchezoni pana namba zake, na mlango wa nyumbani kwake uko kwenye X 800 na Z -320. Gawa kwa nane: 100 na -40. Hapo hasa, si hatua mbili pembeni, ndipo mlango wa Nether unapaswa kujengwa kwa mkono. Kimo hakigawanywi. Mlango wa juu ya kilima na wa shimoni chini yake huku ina namba zile zile, basi kule unaipandisha fremu moja na kuishusha nyingine, kwa kuwa mchezo huchagua mlango ulio karibu zaidi, na kimo nacho kinahesabiwa.

Tena kule huwezi kugandisha lava, maana maji hukauka mara tu yakimwagwa. Obsidiani yote inabebwa kutoka juu, na kufikia hapo sururu ya almasi haikwepeki. Hata kwa almasi, tofali moja huchukua zaidi ya sekunde tisa kung'oka. Nilimwona akiyang'oa yote 14, kidole kimekaa kwenye kioo, hasemi neno.

Baina ya mlango wa nyumbani na wa kijiji cha pili, kilichoko X 2,400, kuna mita 200 za kutembea kule badala ya 1,600 huku. Njia hiyo ameifunika yote kwa mawe ya kawaida, sakafu, kuta na dari, kwa sababu mizimu myeupe inayoelea, Ghast, hutema mabomu ya moto yanayovunja mawe mekundu ya Nether lakini hayapenyi mawe hayo. Bomu likipiga mlango linaweza kuuzima, kwa hiyo kiberiti hakimtoki mfukoni.

Akimaliza huujaribu kwa kwenda na kurudi, kila mlango kwa zamu yake. Aliingia wa kijijini, akatembea, akatokea nyumbani. Akageuka, akarudi, akatokea kijijini. Juu ya kila fremu akabandika kibao chenye namba mbili, X na Z, kwa ajili ya mdogo wake anayetumia dunia hiyo hiyo na ambaye bado hajajifunza kugawanya kwa nane.