Jumuiya ya Wazazi na Shule za Karo Nafuu: Nafuu kwa Nani?

Katika darasa la itikadi tunaloliendesha hapa Kigoma, kada mmoja kijana kutoka vijiji vya mwambao wa kaskazini alitoa hoja iliyopigiwa makofi na wengi. Alisema kwamba shule ya karo ndogo, inayomilikiwa na jumuiya isiyotafuta faida, ndiyo jibu kwa mzazi maskini. Akaongeza kwamba Jumuiya ya Wazazi ya Chama chetu ilikwisha kuionyesha njia hiyo, na kwamba kosa lake lilikuwa moja tu, yaani usimamizi mbovu. Rekebisha usimamizi, alisema, na shule zile zitasitawi tena.

Hoja hii ina nusu ya ukweli ndani yake, na hoja ya namna hiyo humpotosha kada kwa urahisi kuliko uongo mtupu. Kwa hiyo hatuna budi kuichambua kwa kufuata historia yenyewe ya Jumuiya, bila kuificha na bila kuikejeli.

Chanzo chake

Jumuiya ilizaliwa mwaka 1955 kwa jina la Tanganyika African Parents Association, au TAPA, mwaka mmoja baada ya TANU. Wakati huo elimu ya Tanganyika iligawanywa kwa rangi: shule za Wazungu, shule za Wahindi, na mwisho kabisa shule za Waafrika, ambako watoto wengi waliobahatika kuingia waliishia darasa la nne. Wazazi wa TAPA walijenga mabanda ya miti na makuti, wakamlipa mwalimu kwa senti walizochanga, wakafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Watawala hawakuzipenda shule hizo.

Tuutazame vizuri mchango ule wa senti. Haukuwa karo ya kumtoa mtoto katika shule ya wote na kumpeleka mahali bora zaidi, kwa kuwa shule ya wote haikuwapo. Ulikuwa mchango wa watu walionyimwa, na ulimsogeza mzazi karibu na mzazi mwenzake. Kwa maana hiyo TAPA ilikuwa chombo cha ukombozi kabla ya kuwa mmiliki wa shule.

Baada ya Uhuru mfumo wa rangi ulifutwa. Machi 1967 ikatoka Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1973 karo ya shule za msingi iliondolewa, na Novemba 1974 Azimio la Musoma likaagiza Elimu ya Msingi kwa Wote. Kazi ambayo TAPA iliianza kwa senti za makabwela sasa ilibebwa na taifa zima. Kwa mantiki ya mapinduzi, hapo Jumuiya ilipaswa kujiuliza: ikiwa shule ni ya wote, kazi ya chombo cha wazazi ni ipi?

Ukuaji wake

Jibu lililotolewa baada ya CCM kuzaliwa mwaka 1977, na hasa katika miaka ya 1980, lilikuwa kujenga shule za sekondari za kulipia. Sababu yake haikuwa ya kubuni. Nafasi za sekondari za Serikali zilipangwa kwa hesabu ya wataalamu waliohitajiwa na uchumi. Watoto walioandikishwa kwa nguvu ya Azimio la Musoma walipomaliza darasa la saba, katika kila mia hawakufika hata watano waliopata nafasi katika sekondari hizo. Mzazi aliyeambiwa kwamba elimu ni haki alitaka kujua haki hiyo iliishia wapi.

Basi sekondari za Wazazi ziliongezeka haraka. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1980, sekondari zisizo za Serikali zilikuwa nyingi kuliko za Serikali, na Jumuiya ilikuwa miongoni mwa wamiliki wakubwa. Tukiri wazi kwamba shule hizo ziliwasomesha vijana wengi ambao wangerudi nyumbani na cheti cha darasa la saba tu. Wamo walimu, wauguzi na viongozi waliopita humo.

Lakini ukuaji unaotegemea karo hufuata fedha. Shule zisizo za Serikali zilijaa zaidi Kilimanjaro na Kagera, mikoa ya kahawa. Kilimanjaro ilikuwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, tangu mwaka 1933, na fedha za zao hilo zilikuwa zimezoea kujenga madarasa. Kigoma ilipewa nafasi nyingine katika uchumi wa kikoloni. Reli iliyofika hapa mwaka 1914 ndiyo iliyowachukua vijana wa Buha kama manamba kwenda kukata mkonge wa mabepari. Mkoa uliotoa nguvu zake kwa mashamba ya wengine haukuwa na akiba ya kujengea sekondari za kulipia. Kwa hiyo chombo cha Chama cha usawa, bila mtu yeyote kukusudia, kilikuwa kinarefusha ramani ya mkoloni.

Karo na mbalamwezi

Nadharia hii tuishushe hadi ufukweni. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapojaa, mitumbwi hupumzika Kibirizi na Katonga, na mfuko wa mvuvi hupumzika nayo. Kila usiku wa kazi, mwenye chombo huondoa kwanza gharama za mafuta na sehemu yake. Kinachobaki ndicho wanachogawana mabaharia. Mama anayeanika dagaa humngoja jua, na mvua ikinyesha hupata hasara. Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi ulisimamishwa ziwani ili samaki wazaliane. Hatua hiyo ilikuwa na sababu zake, lakini miezi mitatu ile nyumba nyingi za mwambao hazikuwa na mshahara mwingine.

Karo haijui giza wala mbalamwezi. Husubiriwa muhula unapofunguliwa. Ukisema karo hii ni nafuu, sharti useme ni nafuu kwa nani. Kwa mwenye mtumbwi, wavu na taa ni nafuu kweli. Kwa baharia anayengoja mgawo, ni deni. Watoto wao wanaocheza pamoja mchangani Mwamgongo au Kagunga wanatenganishwa na karo hiyo ndogo kabla hawajajua maana ya neno tabaka.

Kosa la msingi

Usimamizi mbovu ulikuwapo, lakini ni tawi. Mzizi uko penginepo. Jumuiya ilipokuwa mmiliki wa shule za kulipia, uhusiano wake na mzazi uligeuka. Aliyekuwa msemaji wa wazazi akawa mdai wa wazazi. Mzazi wa shule ya msingi ya kijiji, ambako mwalimu mmoja alikabili darasa lenye msongamano na vitabu havikutosha, hakuwa na chombo cha kumsemea, kwa sababu chombo chake kilikuwa kinashughulika na ankara za mabweni na mishahara ya sekondari.

Tukio la baadaye linathibitisha jambo hili. Mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES, ulianza mwaka 2004 na shule za kata zikaenea. Wazazi wengi wakawahamishia watoto huko, na sekondari kadhaa za Jumuiya zikabaki na madawati matupu na madeni. Kama mzazi angekuwa anailipa karo kwa kuipenda, asingeondoka. Alilipa kwa kukosa. Na shule za kata, zilizoitwa yeboyebo kwa dhihaka, zilianza na upungufu mkubwa wa walimu na maabara. Hapo ndipo sauti ya wazazi ilihitajika kuliko wakati wowote, na hapo ndipo ilipokuwa dhaifu.

Hoja ya upande wa pili

Nje ya nchi hoja ya kada wetu ina watetezi wenye elimu kubwa. Mwingereza James Tooley, katika kitabu chake The Beautiful Tree cha mwaka 2009, alieleza shule za kulipia za maskini alizozikuta Hyderabad, Lagos na Kibera. Hoja yake ni kwamba maskini hulipa kwa kuwa mwalimu anayelipwa na mzazi huwajibika kwa mzazi. Tusiipuuze. Mzazi anayemwona mwalimu darasani kila asubuhi ana haki ya kuridhika.

Lakini hoja hiyo inahesabu faida ya waliotoka na kuacha hasara ya waliobaki. Mzazi anayetoka na karo yake mara nyingi ndiye anayejua kusoma taarifa ya mapato, ndiye anayethubutu kumhoji mwalimu mkuu mkutanoni. Akiondoka, anaondoka na sauti yake. Uwajibikaji alioununua kwa mtoto mmoja umeondolewa kwa watoto mia.

Wajibu wa makada

Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za Serikali ilifutwa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Mlango umepanuliwa. Ubora wa kilichomo ndani unategemea nani anasimama kuudai.

Kwanza, tawi la Jumuiya lipimwe kwa idadi ya mikutano ya wazazi iliyosoma hesabu za shule hadharani, wala si kwa majengo linayomiliki. Pili, kila mchango wa hiari, kama ule wa chakula cha mchana, upangwe na wazazi wenyewe kwa majira ya kijiji: mwambao kwa majira ya dagaa, milima ya Manyovu kwa majira ya kahawa, na asiye nacho asimrudishe mtoto nyumbani. Tatu, tujikosoe. Wamo miongoni mwetu, wakufunzi na viongozi, wanaohubiri Elimu ya Kujitegemea jioni na asubuhi kupandisha watoto wao mabasi ya shule za Kiingereza. Hatusemi mtoto aadhibiwe kwa ajili ya itikadi ya baba yake. Tunasema kwamba kiongozi asiye na mtoto, mjukuu wala muda katika shule ya kijiji chake hawezi kuijua hali yake, na wanakijiji wanalifahamu hilo kabla hajafungua kinywa.

Kada yule kijana tulimwomba, kabla ya darasa lijalo, aende katika shule ya kijiji chake aulize mambo mawili: kamati ya shule ilikutana lini mara ya mwisho, na wangapi kati ya wajumbe wake wana watoto pale. Tunawaomba wasomaji wetu wafanye hivyo hivyo, kila mmoja mahali alipo.