Unga Usiofungwa

Mkaa hauzami kwenye karatasi kama wino. Chembe zake hukaa juu juu, zimenasa kwenye nyuzi, na chaki na pasteli ni vivyo hivyo: gundi iliyomo ni haba, inatosha tu kijiti kisimeguke mkononi. Ndiyo sababu pasteli inang'aa vile, maana mwanga huangukia punje kavu ukatawanyika kila upande. Puliza dawa ya kuzishikisha punje hizo, nyeupe itafifia na rangi nyingine zitaingia giza. Udhaifu wa mchoro ndio uzuri wake, na mhifadhi wa michoro hulinda vyote viwili.

Naistahi sana kazi hii ya mhifadhi, hasa pale inapodai jicho kabla ya mkono. Mhifadhi huweka taa ubavuni mwa karatasi, akachungulia kwa lenzi. Huona mstari upi ulitangulia na wapi mkaa ulisuguliwa. Doa la kidole cha mchoraji ni sehemu ya kazi. Doa la mwenye mali asiye mwangalifu ni jeraha. Kuyatofautisha hayo mawili ndiyo elimu yenyewe, na anayekosea hapo hufuta asichoweza kurudisha.

Mengine ni adabu ya mikono. Mchoro hubebwa ukiwa umelala, bila kutikiswa. Kadibodi nene iliyokatwa dirisha huutenga na kioo cha fremu. Plastiki haifai badala ya kioo, kwa kuwa ikisuguliwa hupata umeme tuli na kuvuta unga. Huku kwetu Usukuma, kando ya ziwa, kuna unyevu pia: kuvu ikishaota juu ya pasteli, ni vigumu kuiondoa isiondoke na rangi.

Usukuma unaijua hasara ya namna hii. Bayeye, wale mafundi wa nyoka, walichora kwenye kuta za nyumba za chama chao. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu juu ya michoro hiyo London mwaka 1953. Nyumba ya udongo ikibomoka, mchoro huenda nayo. Kitabuni umbo la nyoka limebaki. Namna rangi zile zilivyopokea mwanga wa mlangoni haikubaki.

Pale Bujora, kwenye makumbusho aliyoyaanzisha Padri David Clement mwaka 1968, natamani kungekuwa na meza ya mhifadhi wa karatasi. Vijana wa Mwanza wanachora kwa mkaa hata leo. Zinatakiwa droo pana za kulaza michoro, kioo halisi, kadibodi isiyo na asidi, na mtu aliyefundishwa kutazama.