Zile Hela Alizirudisha?

Waandishi wenzangu, leo tusemezane kidogo juu ya hadithi zetu za wokovu. Nazungumzia zile tunazosomeana vijiweni na kuzileta kwenye kurasa kama hizi. Mwendo wake tunaujua wote. Kijana analewa, anaiba, anamliza mama yake. Ukurasa wa mwisho anapita karibu na mkutano wa injili, neno linamchoma, anaanguka magotini, anaokoka. Mwisho. Utu wa kale umekufa, kiumbe kipya kimezaliwa, na msomaji anatakiwa aitikie Amina.

Sisemi kwa dharau. Na mimi nimeandika moja. Mhusika wangu alikuwa mchuuzi wa mawese aliyetoroka na fedha za wenzake. Nilimsomea mama mdogo kwake Buzebazeba, jioni moja akichambua dagaa barazani. Yeye kaokoka tangu sijazaliwa, kwa hiyo nilijua atafurahi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, zile hela za watu alizirudisha?"

Nikaduwaa. Nikamwambia, mama, hadithi imeishia pale.

"Basi huyo hajafa," akasema. "Kahama mtaa tu."

Bwana we, sijawahi kupata uhakiki mkali kuliko huo. Na swali lile mama mdogo hakulizua mwenyewe. Katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioshika moto kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, kuokoka kulikuwa na kazi ya kesho yake. Walokole walikiri makosa mbele ya wenzao, wakarudisha vitu walivyoiba, wakawaendea waliowakosea kuomba radhi. Wala hawakukiri mara moja wakamaliza. Walikutana tena na tena na kuyataja yaliyowashinda tangu walipoonana mwisho. Kabla yao alikuwepo Zakayo. Luka angeweza kumwacha pale alipoteremka mtini na kumkaribisha Yesu nyumbani. Hakumwacha. Anatuonyesha mtoza ushuru huyo akiahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Nadhani Luka alijua msomaji ataulizia hela.

Hapa ndipo hadithi zetu zinapolegea. Tunakiandika kifo cha nafsi kama ajali: kinatokea mara moja, na marehemu hana madeni. Mtazameni Augustino, Mwafrika wa Thagaste, katika nchi tunayoiita leo Aljeria. Kitabu chake cha Maungamo, alichokiandika mwishoni mwa karne ya 4, kina sehemu 13. Kuongoka kwake bustanini huko Milano kumo katika sehemu ya 8. Kama angekuwa mmoja wetu, angefunga daftari hapo. Yeye akaendelea. Katika sehemu ya 10, akiwa tayari askofu, bado anataja ndoto zinazomsumbua, chakula kinachomvuta, na utamu wa kusifiwa na watu. Mtu wake wa kale anakufa polepole, na ndiyo maana namwamini.

Upo upande mwingine tunaousahau: majirani. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, Rosa anafika mahali anataka kutulia na kuishi upya. Lakini yaliyopita yanamfuata, anakataliwa, na mwisho anajiua. Wapo wanaosema riwaya ile haina matumaini. Mimi naisoma kama onyo kwetu tunaoandika wokovu: mtu anaweza kutaka utu wake wa kale ufe, na mtaa mzima ukagoma kuuzika. Kwetu, ambako msikiti na kanisa vinasikilizana sauti, jirani ambaye si wa dini yako hatapima machozi yako ya mkutanoni. Atatazama kama deni la dukani umelilipa.

Sisi wa Kigoma tuna mfano mkubwa kuliko yote, tena ni wa chuma. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Ujerumani, ikaletwa huku vipande vipande, ikashushwa majini 1915. Ilifungwa mizinga. 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha ziwani, lakini kwanza wakazipaka injini zake grisi nyingi, kwa sababu walitumaini kurudi kuichukua. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ikibeba abiria na mizigo.

Wahusika wetu wengi tunawazamisha na grisi. Tunasema wamekufa, kumbe tumewahifadhi vizuri: majivuno ni yaleyale, na "mimi" ya mlevi imegeuka "mimi" ya mshuhudiaji, bado iko katikati ya jukwaa. Tena kosa hili ni letu waandishi kabla halijawa la wahusika. Nilipomsomea mama mdogo nilikuwa nasubiri sifa. Lakini Liemba inafundisha na jambo la pili. Iliyotoka majini ilikuwa chuma kilekile, na injini zilezile. Kilichobadilika ni mwenye meli, na kazi yake. Kwa hiyo msitupe malaika ukurasa wa mwisho. Tupeni yule mchuuzi wetu, na mdomo wake uleule wa biashara, akiutumia sasa kusema ukweli.

Hadithi yangu naiandika upya. Mchuuzi yuko mlangoni kwa mwenzake wa zamani, na bahasha yenye nusu tu ya fedha, maana nusu alishakula. Amepiga hodi. Ndani mtu anakohoa. Sijajua kama atafunguliwa, na akifunguliwa, sijui ataanza na neno gani. Wiki tatu sasa nimekwama hapo.

Na ninyi kabla hamjaleta zenu, zisomeni kwanza kwa mama wadogo.