Mtafiti Anayesoma Vitabu vya Ushirika

Muulize mkulima wa kahawa wa Kanja, kule Embu, Kenya, kwa nini malipo ya chama cha ushirika ni madogo. Wengi watakujibu papo hapo: uongozi mbaya. Mtafiti wa usimamizi wa biashara aliyekuja na hojaji atalihesabu jibu hilo na kurudi mjini. Huenda lina ukweli, lakini shida za ushirika zilianza zamani.

Ndiyo maana namsifu mtafiti anayetumia mbinu za historia. Yeye hupanga miaka kwanza, ndipo atafute sababu. Huanzia miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilipowaruhusu Waafrika wachache wa Embu, Meru na Kisii kupanda kahawa, zao lililohodhiwa na walowezi. Huja kwenye Mpango wa Swynnerton wa 1954, ulioipeleka kahawa kwa wakulima wadogo wengi. Hukaa sana kwenye 1989, mgawo wa mauzo wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulipovunjika na bei ikaporomoka. Kisha 1997, sheria ilipopunguza mkono wa serikali katika vyama. Akifika hapo, lawama ile imezaa maswali: viongozi wa mwaka gani, chini ya sheria gani, kahawa ikiuzwa kwa bei gani?

Uhodari wake mkubwa ni kutoiamini karatasi upesi. Ripoti ya ofisa wa wilaya iliandikwa ili mkubwa wake aisome. Kumbukumbu za mkutano mkuu hutaja azimio na kuficha ugomvi. Basi huzipambanisha na daftari la mizani la kiwandani na risiti za malipo, kisha huketi na mzee aliyepeleka kahawa miaka hiyo. Mzee huyo pia humpima kwa heshima, kwani binadamu husahau, na mengine huchagua kuyasahau.

Mwaka 1962, mwanahistoria Mmarekani Alfred Chandler alieleza jinsi kampuni kubwa kama DuPont na General Motors zilivyobadili miundo yao, akitegemea nyaraka zao. Ushirika wa Embu unastahili uchunguzi wa kina kama huo.

Enyi wanakamati, msiuze madaftari makuukuu yakafungiwe nyama, wala msiwaachie mchwa. Nanyi wahadhiri, wafundisheni wanafunzi kuyasoma. Anayetaka kurekebisha chama bila kujua kilikopita atarudia makosa yaliyokwisha kulipiwa na wakulima.