Nyoka, Chui na Meli: Katuni Zilizopita Jirani na Nachingwea

Msomaji wa Nachingwea hahitaji kamusi ya Kireno kulifumbua jina Xiconhoca. Xico ni kifupisho cha Francisco, kama Ramadhani anavyoitwa Rama. Nhoca nayo, ukishajua kwamba Mreno huandika nh pale Mswahili anapoandika ny, ni nyoka yuleyule wa kichakani. Ndilo jina la kikaragosi aliyeanza kuchorwa Msumbiji mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya uhuru, akasambazwa na chama cha FRELIMO kupitia jarida la Tempo na mabango. Mwaka 1979 michoro yake ikakusanywa kitabuni.

Mtu akiulizwa leo ampendekezee msomaji wa Nachingwea au Ruangwa riwaya za katuni, kwa kawaida ataanza na majina makubwa ya mbali: Maus ya Art Spiegelman, iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1992, au Aya wa Abidjan, binti aliyebuniwa na Marguerite Abouet na kuchorwa na Clément Oubrerie. Vitabu vizuri hivyo, wala hakuna ubishi. Lakini ipo rafu nyingine ambayo vitabu vyake vinagusa ardhi hii ya kusini, au vinapita kandokando yake, na kila kimoja kimejengwa kwa ufundi wake. Tatizo ni kwamba karibu vyote vimeandikwa kwa lugha za watu wengine.

Tuanze na nyoka. Kambi ya FRELIMO ya Nachingwea ilifundisha wapiganaji tangu 1965, kwenye mashamba yaliyofyekwa na Waingereza kwa ule mradi wa karanga wa 1947 hadi 1951, mradi ulioacha majina ya mashamba kwa namba, kama Farm 17, na reli iliyokuja kung'olewa. Mwaka 1975, wiki chache kabla ya uhuru wa Msumbiji, mahabusu wa chama walisimamishwa hadharani kambini hapo wakitajwa kuwa wasaliti, na Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO, akasoma maungamo marefu mbele ya umati. Mwaka uliofuata akazaliwa Xiconhoca. Ukiziweka tarehe hizo mbili ubavuni kwa ubavu, kikaragosi huyo anaonekana kama lile gwaride lililohamia karatasini, safari hii bila jina la mtu yeyote.

Kiufundi, Xiconhoca ni bango kuliko hadithi. Anachorwa mara moja, anapigwa muhuri wa kosa, basi: leo mlevi, kesho mzushi, keshokutwa mlanguzi. Hakuna fremu ya pili ya kumwonyesha alianzaje wala ataishia wapi. Mwili wenyewe ndio hati ya mashtaka, na msomaji haachiwi kazi yoyote isipokuwa kukubali. Ni ufundi mkali kwa mkutano wa hadhara. Kwa kitabu ni ufundi mfupi wa pumzi.

Mlinganishe na Ndumilakuwili. Kizazi kilichokua na jarida la Sani, ambalo jina lake lilitokana na silabi za mwanzo za Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, kinamkumbuka huyo pamoja na Lodi Lofa, Madenge, Kipepe na Pimbi. Humo nako jina lilikuwa hukumu kabla mhusika hajafungua mdomo. Lakini Ndumilakuwili alipewa muda. Alipanga hila fremu ya kwanza, akaitekeleza ya tatu, ikamgeukia ya sita, na msomaji akawa ameshacheka naye kabla ya kumcheka. Philip Ndunguru, mkono uliowika kuliko yote katika jarida hilo, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1986 akiwa bado kijana, na wachoraji wengine wakaendelea kuwachora wahusika wale wakihangaika na ile ile kanuni ya muda. Kabla yao alikuwapo Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau tangu miaka ya 1950.

Hao ndio waliomfundisha Mswahili kusoma katuni, ingawa walimzoesha pumzi ya ukurasa mmoja au miwili, kisha "itaendelea". Hadithi ndefu, ya kujaza kitabu, ilichelewa. Sasa Sema, nyumba ya uchapishaji ya Nairobi, ilipotoa Abunuwasi mwaka 1996, kazi ya Gado, yule mzaliwa wa Dar es Salaam ambaye wengi humjua kwa katuni za siasa, ilikuwa inajaribu kuirefusha pumzi hiyo kwa visa ambavyo msomaji ameshavisikia kwa bibi yake.

Na kuchora kisa kinachojulikana si kazi rahisi hata kidogo. Chukua kile cha sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kijisufuria ndani yake: imezaa. Jirani anapokea vyote. Mara ya pili Abunuwasi harudishi kitu: imekufa. Jirani anang'aka kwamba sufuria haifi. Msimuliaji wa mdomo ana silaha moja kubwa hapa, nayo ni kunyamaza. Jirani anapokabidhiwa kile kijisufuria, bibi hukata kauli, huwatazama wajukuu, ndipo huendelea. Mchoraji hana sauti ya kukata. Lazima auchore ukimya: fremu ya jirani akikitazama kijisufuria, fremu ya macho yake yakipanda kwa Abunuwasi, fremu ya mkono ukipokea. Fremu tatu, neno hakuna. Akizikosa hizo kwa kubana ukurasa, mwisho wa kisa unabaki ubishi wa watu wawili kuhusu chombo cha jikoni. Akiziweka, msomaji anaiona tamaa ikiingia ndani ya mtu, na hukumu ya mwisho inajileta yenyewe.

Aliyeujua ukimya wa namna hiyo kupita kiasi ni mchoraji Mwitaliano Hugo Pratt. Sehemu ya ujana wake aliipitisha Ethiopia, ambako baba yake alikuwa katika utumishi wa jeshi la kikoloni, na Afrika Mashariki haikumtoka. Baharia wake Corto Maltese anafika Afrika Mashariki ya Wajerumani katika kisa kimoja cha miaka ya 1970, kile cha watu-chui wa Rufiji, kilichomo katika mkusanyo wa hadithi za Ethiopia na majirani zake. Rufiji si Ruangwa, ila Vita vya Kwanza vya Dunia anavyovichora ni vilevile vilivyopita hapa: Mahiwa, kwenye njia ya kutoka Lindi kwenda Masasi, kulipiganwa Oktoba 1917 moja ya mapambano mabaya kuliko yote ya vita hivyo, na mwezi uliofuata kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akauvuka Ruvuma. Pratt anatumia brashi nene ya wino mweusi, anafuta mandhari mpaka ibaki mistari michache, na anaweza kukupitisha fremu kadhaa za nyuso zinazotazamana bila kusema. Giza lake ni totoro kweli. Nyuso huchomoza humo kama watu waliokaa kando ya moto.

Msomaji wa huku atamkubali kwa wino, kisha atambana kwa habari. Vyama vya watu-chui ni jambo linalojulikana zaidi Kongo na Afrika Magharibi. Kusini mwa Tanzania mnyama wa hofu ni simba, tena si wa hadithi tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba Tanzania kati ya 1990 na 2004, na wilaya za Rufiji, Lindi na Mtwara zilikuwa miongoni mwa zilizoumizwa zaidi. Sababu yenyewe ingetosha kitabu kizima: nguruwe pori wanavamia mashamba wakati wa kukaribia kuvuna, mkulima analala dunguni kulinda mazao, simba anamfuata nguruwe, anamkuta mtu. Juu ya hapo kuna masimulizi ya simba-mtu, simba anayesemekana kutumwa na mbaya wako. Mtu aliyekulia kwenye masimulizi hayo atamsoma Pratt kama fundi seremala anavyokagua kiti cha mwenzake, akisifu maungio huku akijua mbao si ya mti aliotajiwa.

Kitabu kingine cha vita hivyohivyo ni Madame Livingstone, kilichotoka Ufaransa mwaka 2014. Mwandishi ni Christophe Cassiau-Haurie, mchoraji ni Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani. Rubani wa Kibelgiji anatumwa Ziwa Tanganyika kuisaka meli ya Wajerumani Graf von Götzen, na anayemwongoza ni chotara anayevaa sketi ya Kiskoti na kudai kuwa mtoto wa David Livingstone. Meli hiyo Watanzania wanaijua kwa jina jingine: ndiyo MV Liemba. Ilijengwa Ujerumani, ikafunguliwa na kupakiwa vipande vipande kwenye masanduku, ikaungwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Na huyo Livingstone, safari yake ya mwisho aliianzia Mikindani, alikofika Machi 1866, akaukata Ruvuma kuelekea bara. Hakupita mbali na hapa.

Baruti anafanya kinyume cha Pratt. Anapaka rangi kila kona: maji, majani, kutu ya chuma, jasho. Pratt hukuacha ujaze mwenyewe. Baruti hukuwekea vyote mezani, na jicho linatembea polepole ndani ya fremu moja kabla halijaruhusiwa kwenda ya pili. Vitabu vyote viwili vimetoka pia kwa Kiingereza, kwa hiyo mwalimu au mwanafunzi wa sekondari anavimudu. Akiwa na pesa ya kimoja tu, aanze na hiki cha Baruti. Kina ucheshi, na kinamwonea Mwafrika fahari bila kumgeuza sanamu.

Tatizo linakuja ukitaka kukileta kwa Kiswahili. Wengi hudhani kazi ni kutafsiri, kumbe nusu ya kazi iko kwenye puto la maneno. Puto la katuni ya Kifaransa mara nyingi ni yai: juu finyu, katikati pana, chini finyu tena. Mfaransa akisema "Je te l'avais dit" ana maneno mafupi ya kupanga ngazi kwa ngazi, yakalijaza yai sawasawa. Mswahili husema "nilishakwambia". Neno moja, herufi 14, halipangiki. Ama ulikate kwa kistari, nalo likatwalo husomeka kwa kigugumizi, ama upunguze herufi mpaka mzee atafute miwani, ama ulivunje puto na kulichora upya likiwa pana na fupi. Wachoraji wa Sani waliochora kwa Kiswahili tangu mwanzo hawakuwa na shida hii, kwa sababu puto lao lilikatwa kwa kipimo cha kitenzi chetu. Anayetafsiri analirithi yai la watu.

Kwenye sauti, kwa bahati nzuri, Kiswahili ni tajiri kuliko mwenyeji. Tanakali zake hazikomei kwenye kishindo. Mtu huanguka pu na kutumbukia chubwi, sawa. Lakini pia hulowa chepechepe, hunyamaza jii, na kitu kikawa cheupe pe. Neno kama jii, likiandikwa dogo kwenye pembe ya fremu tupu, linaweza kuuandika ule ukimya ambao Pratt aliuacha bila herufi. Kama ni busara kuuandika ni ubishi mwingine. Mwandishi wa safu hii angeuacha mtupu.

Kinachobaki ndicho kilicho karibu zaidi kwa damu na kilicho mbali zaidi kwa kupatikana. Mwaka 1981 mjini Maputo, João Paulo Borges Coelho alitoa Akapwitchi Akaporo, na mwaka 1984 akatoa No Tempo do Farelahi. Ni mwanahistoria aliyekuja kujulikana kwa riwaya, akashinda tuzo ya LeYa mwaka 2009, lakini alianzia kwenye katuni na michoro ni yake mwenyewe. Jina la kitabu cha kwanza ni la Kimakua, lugha inayosemwa pia Masasi na Nachingwea, na maana yake ni bunduki na watumwa: bidhaa mbili zilizokuwa zikipishana njiani katika karne ya 19, moja ikienda bara, nyingine ikiteremshwa pwani. Njia za namna hiyo zilipita upande huu pia, kuelekea Lindi na Kilwa.

Kitabu cha pili kinahusu zama za Farelahi, kiongozi wa Angoche aliyewasumbua Wareno mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Hapa ndipo suala la puto linapogeuka kichekesho. Masheikh na masultani wa pwani ile waliandikiana, na kuwaandikia Wareno wenyewe, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Barua zao zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Maputo. Ndani ya katuni watu hao wanasema Kireno kitupu, na atakayekitafsiri kitabu hiki kwa ajili ya msomaji wa Ruangwa atakuwa anawarudishia lugha waliyokuwa wakiandikia, akipima upya kila yai ili neno la Kiswahili lilale humo bila kukatwa.