Atomic Habits, ukikisomea Mponde

James Clear anaandika vizuri, hilo tumpe. Kitabu chake cha 2018 kinasema jiboreshe asilimia 1 kila siku, na mwaka ukiisha utakuwa bora karibu mara 37. Hesabu tamu. Sasa nenda nayo Mponde, kule Bumbuli, milima ya Usambara. Mkulima wa chai hahitaji kufundishwa nidhamu: anaamka na umande, anachuma majani mawili na kichipukizi, na siku chache baadaye anarudi palepale, maana jani likikomaa halifai. Kiwanda cha Mponde kilipofungwa 2013, katikati ya mgogoro wa wakulima na mwekezaji, nidhamu hiyo angeipeleka wapi? Jani bichi halisubiri kesho. Na chai isiyochumwa inageuka mti.

Clear hajasahau mazingira, ana sura nzima. Ila mazingira yake ni matunda mezani na gitaa sebuleni, vitu unavyovisogeza kwa mkono wako. Kiwanda je? Anasema ukishindwa, tatizo ni mfumo wako, si wewe. Haulizi mfumo huo nani kaushika. Mwenye mshahara wa kila mwezi akisome tu, kitamfaa.