Fundi Anayesuka Transfoma

Mafundi wa kusuka mota pale Maili Moja, Kibaha, wanakula kwa pampu za visima, feni na mashine za kusaga. Hiyo ndiyo kazi inayolipa kodi ya banda. Lakini ukitaka kujua mkono wa fundi umefika wapi, mpelekee amplifaya ya gitaa ya valvu iliyoungua transfoma, kisha ukae umtazame.

Amplifaya hizo sasa ni za kutafuta. Miaka ya 1960, bendi ya NUTA Jazz ikiundwa mwaka 1964, naye mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe akijipatia jina katika Morogoro Jazz, amplifaya za gitaa duniani zilikuwa za valvu kwa sehemu kubwa. Wanaozitunza hadi leo wanapenda namna noti inavyonenepa gitaa likipigwa kwa nguvu, bila kukatika ghafla.

Nyingi huungua kwa sababu inayojulikana. Amplifaya ya Marekani imetengenezewa volti 120 na hezi 60. Hapa ukutani kuna volti 230 na hezi 50. Hata ukiishushia volti, hezi hizo 50 huifanya chuma ya transfoma ipate moto kuliko ilivyokusudiwa. Fyuzi sahihi ingeokoa mengi, lakini watu wanaiondoa na kufunga kipande cha waya mahali pake. Hilo linaniuma kila nikiliona, maana fyuzi ni ya bei ndogo na transfoma haipatikani dukani.

Fundi makini haanzi na transfoma. Anaanza na kapasita, ambazo huweza kushika zaidi ya volti 400 hata plagi ikiwa imechomolewa. Anazimaliza chaji kupitia rezista, anapima kwa mita, ndipo anaingiza mkono. Kisha anachomoa mabati ya herufi E na I, moja baada ya jingine, bila kuyapinda. Chini yake kuna karatasi iliyogeuka kahawia na harufu kali ya vanishi iliyoungua. Anafungua koili polepole akihesabu raundi za kila tabaka na kuziandika, na anapima unene wa waya kwa maikromita.

Hesabu yenyewe inaeleweka. Gawa 45 kwa eneo la chuma ya katikati kwa sentimita za mraba, upate raundi za kila volti. Chuma ya sentimita za mraba 9 inataka raundi 5 kwa volti moja: raundi 1,150 upande wa volti 230. Upande wa volti 300 mara mbili unataka 3,000 na ziada kidogo, kwa waya wa robo milimita hivi, mwembamba kiasi kwamba ukivutwa kwa pupa unakatika. Volti 6.3 za kuwasha valvu zinataka raundi 33 tu, lakini za waya mnene. Tabaka kwa tabaka anaweka karatasi, na waya unalala ubavu kwa ubavu. Nampendea hapa: kazi hii ikishafungwa hakuna atakayeiona, naye haruki hata raundi moja.

Unyevu wa Pwani hausamehi. Upande wa Kisarawe, karibu na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, karatasi kavu hunywa maji ya hewani, kwa hiyo koili lazima inyweshwe vanishi na kukaushwa kwa moto wa wastani.

Kuwasha mara ya kwanza hufanywa valvu zikiwa zimetolewa, na balbu ya nyuzi imeungwa kwenye njia ya umeme. Balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti. Ikififia, anarudisha valvu, anaiacha amplifaya ifanye kazi saa nzima, kisha anagusa chuma ya transfoma kwa kiganja.

Kwa hiyo mwenye amplifaya iliyoungua asimuuzie transfoma yake mnunua skrepa. Ailete kama ilivyo, hata ikiwa nyeusi, kwa sababu hesabu ya raundi imo humo ndani.